Chakula husagwa au humeng'enywa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano. Kwenye jaribio la sayansi ameandika, "Chakula husagwa tumboni." Mwalimu wake kampigia mkasi, na pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "humengenywa". Mimi nimekua nikisema kusaga, na Wakenya nawasikia wakisema "mfumo wa kusaga chakula" bila wasiwasi. Haya si maneno mawili ya jambo moja? Mtoto kaonewa au hakuonewa? Mzazi, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Kaonewa kidogo. Mimi ningempa nusu alama, na nitakueleza hiyo nusu nyingine imekwenda wapi.

Tuanze na kusaga, neno tulilolikuta nyumbani. Mahindi husagwa mashineni, karanga husagwa kwenye kinu, dawa husagwa kwa jiwe. Kilichoingia kizima hutoka kikiwa vipande au unga, lakini ni kitu kilekile: unga wa mahindi bado ni mahindi. Kinywani kazi hiyo hufanywa na magego, kwa hiyo mtoto angeandika "chakula husagwa kinywani" asingekuwa na kosa lolote.

Kumeng'enya ni habari nyingine. Hapa chakula huvunjwavunjwa mpaka kinageuka kuwa kitu kingine: wanga huwa sukari, protini ya nyama huwa vijenzi vidogo vinavyoweza kupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya, nacho si jino wala jiwe, ni kemikali iliyomo kwenye majimaji ya mwili. Ukitaka kuuonja mmeng'enyo kwa ulimi wako mwenyewe, chukua kipande cha mkate mkavu usiotiwa sukari, kitafune, usikimeze kwa dakika moja au mbili. Utasikia utamu ukija taratibu. Mkate haukuwa na utamu huo. Mate yako yana kimeng'enya kinachougeuza wanga kuwa sukari. Kwa hiyo kinywani mambo hayo mawili hufanyika pamoja, na ndiyo maana ni rahisi kuyachanganya.

Usimcheke mwanao. Wataalamu wa Ulaya walibishana juu ya jambo hilihili kwa miaka mingi: tumbo linasaga, au linafanya kitu kingine? Mfaransa Réaumur aliwatumia ndege. Kuku na jamaa zake kweli husaga, kwa firigisi na vichangarawe vyake (ile firigisi ambayo kwenye nyumba nyingi mtoto haigusi, ni ya baba). Lakini mwewe hana firigisi ya namna hiyo, na vitu visivyomeng'enyeka huvitapika. Réaumur akamlisha mwewe vijibomba vya chuma vyenye nyama ndani, miisho yake ikiwa wazi kiasi cha kupitisha majimaji tu. Vilipotapikwa, vijibomba vilikuwa vizima, havikubonyea, ila nyama ilikuwa imelika. Kwa kuwa chuma kiliikinga nyama isiguswe na kitu chochote kigumu, jibu likabaki kwenye majimaji. Matokeo hayo aliyatoa mwaka 1752.

Kwa binadamu ushahidi uliletwa na ajali. Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana Alexis St. Martin alipigwa risasi ubavuni. Alipona, lakini tumbo lake lilibaki na tundu lisiloziba. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, akaligeuza tundu lile kuwa dirisha. Kwa miaka kadhaa alikuwa akifunga vipande vya chakula kwa uzi na kuvitumbukiza, kisha anavivuta kuona vilipofikia. Alichota pia majimaji ya tumbo, akayatia kwenye chupa pamoja na kipande cha nyama na kuyaweka kwenye joto la mwili. Nyama ikalika humo chupani, nje ya mtu kabisa, pasipo msuli wala jino. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833.

Sasa ile nusu alama. Tumbo lina misuli, na misuli hiyo hukikanda chakula na kukivuruga kama mtu anayesonga uji mzito. Kwa hiyo aliyesema "husagwa tumboni" hakusema uongo mtupu, kataja kazi ndogo akaiacha kubwa. Wakenya nao hawakukosea: kwao kusaga chakula kumepanuliwa maana kukabeba mchakato mzima, na msikilizaji anaelewa. Nisilolipenda ni kuyeyusha, ambalo nalikuta kwenye makala za afya. Sukari huyeyuka kwenye chai na ikabaki sukari. Kuyeyuka si kumeng'enyeka.

Hata kitenzi cha kitaalamu kina mipaka yake. Tunasema "nyongo humeng'enya mafuta", na nimeliona hilo hata kwenye maandishi ya watu wanaojua. Nyongo haina kimeng'enya cha mafuta. Inayatawanya kuwa matone madogo madogo, kama sabuni kwenye sufuria iliyopikiwa pilau, halafu vimeng'enya kutoka kwenye kongosho ndivyo vinavyoyavunja. Sema nyongo hutawanya mafuta.

Kwa maoni yangu, neno lenye utata zaidi katika sentensi ya mwanao ni tumboni. Tumbo kwetu ni eneo zima, kuanzia chembe cha moyo hadi chini ya kitovu, na pia ni ule mfuko mmoja unaopokea chakula kutoka kwenye umio. Ndiyo maana ukimwambia daktari tumbo linakuuma, atakuuliza wapi hasa. Darasani ni salama zaidi kusema mfuko wa tumbo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mmeng'enyo haifanyiki humo, hufanyika mbele yake, kwenye utumbo mwembamba, ambao wazee wanauita uchengelele. Na hapa watoto wengi huteleza: wanasikia mwembamba wanadhani ni mfupi. Utumbo mwembamba una urefu wa takriban mita 6, na utumbo mpana una urefu wa kama mita 1.5 tu. Majina hayo yanahusu unene. Wanaosema utumbo mnene badala ya mpana wanasema kitu kilekile. (Kijana akikwambia unaongea utumbo, hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Ukienda kuidai ile nusu alama, nenda kwa upole, lakini lichukue na hilo daftari. Kama umeninukulia sawasawa, mwalimu kaandika "humengenywa", bila ritifaa. Hiyo ni ng ya ngoma, na tunayoitaka ni ng' ya ng'ombe: humeng'enywa.