Unataka kazi ya anga za juu? Anza na kupima

Nikikaa na vijana wanaoomba nafasi kwenye kazi za setilaiti, nasikia yaleyale: roketi, Mirihi, wanaanga. Sawa, ndoto hailipiwi kodi. Mimi huuliza jambo moja: umewahi kupima nini, na ulijuaje kwamba kipimo chako ni sahihi?

Swali hili lilinikaa kichwani baada ya kufuatilia maisha ya U. R. Rao, mwanafizikia aliyeongoza ujenzi wa Aryabhata, setilaiti ya kwanza ya India. Hakuanza na setilaiti. Alianza na miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zitokazo anga za juu, chini ya Vikram Sarabhai, mwanzilishi wa mpango wa anga za juu wa India, kisha akaenda chuo kikuu cha MIT, Marekani, akachambua data za upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua, zilizoletwa na Mariner 2, chombo cha anga cha Marekani. Aliporudi India mwaka 1966 tayari alikuwa mtu wa vipimo hasa.

Kazi ya Aryabhata ilifanyika kwenye mabanda ya viwanda huko Peenya, Bangalore, na wahandisi wengi walikuwa vijana ambao hawajawahi kuunda setilaiti. Choo kimoja kiligeuzwa kituo cha kupokea data! Setilaiti yenyewe, kilo 360 hivi, ilirushwa na roketi ya Kisovieti tarehe 19 Aprili 1975. Siku chache baadaye hitilafu ya umeme ikasimamisha majaribio ya kisayansi. Hata hivyo timu ilishajifunza kuunda chombo na kukiendesha kikiwa angani, na hapo ndipo ninapowashangaa wanaouita mradi ule kushindwa. Rao mwenyewe aliongoza ISRO, shirika la anga za juu la India, kuanzia 1984 hadi 1994.

Kwa hiyo, kama huna maabara, tengeneza kijisanduku cha kupima joto kinachotumia betri. Kiache ndani ya friza usiku kucha, pembeni ya kipimajoto unachokiamini, kikiandika namba kila dakika. Asubuhi linganisha. Betri ikipoa, volti hushuka, na namba zinaweza kuanza kuyumba kabla kifaa hakijazima. Tafuta zilianza saa ngapi, na kwa nini. Mtu aliyehangaika na jambo hilo wiki nzima nitamsikiliza kuliko mwenye vyeti kumi vya mtandaoni.

Fizikia na hesabu huzikwepi, hilo halina mjadala. Programu utajifunza njiani. Na siku ya usaili njoo na daftari la vipimo, pamoja na kurasa zile ambazo namba zilikataa kukubaliana. Mimi huanzia hizo.