Kabla ya kuliamini jedwali la alama

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kulinganisha miundo mitatu ya mfumo wa setilaiti, nilichora jedwali, nikagawa alama, nikajumlisha. Muundo wa kwanza ukashinda kwa alama mbili kati ya mia. Mwenzangu akaketi kando yangu, akapunguza uzito wa kigezo cha ucheleweshaji, yaani muda mawimbi yanaochukua kufika, kutoka 25 hadi 20, hizo tano akazipeleka kwenye gharama. Mshindi akabadilika papo hapo.

Tangu siku hiyo, uzito wa kila kigezo tunakubaliana na watumiaji kabla sijaona mchoro wowote. Kisha naupandisha na kuushusha, kigezo kimoja baada ya kingine. Mshindi akiyumba, nawaambia wakubwa wazi kwamba miundo hiyo inakaribiana, na nawaonyesha kigezo kinachoamua.

Masharti ya lazima siyapi alama kabisa. Kama mawimbi hayafiki chini yakiwa na nguvu ya kutosha, muundo huo umetoka, hata uwe rahisi namna gani.

Panapopoteza wengi ni kwenye bei ya setilaiti moja. Ile iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huonekana imesimama, na tatu zinatosha karibu dunia nzima isipokuwa ncha zake, ila mawimbi kupanda na kushuka huchukua takriban robo sekunde. Ukishuka hadi kilomita 550, umbali unapungua mara 65 na mtawanyiko wa mawimbi unapungua mara 4,000 na ushee. Lakini setilaiti hiyo inakatiza anga lako kwa dakika chache tu, hivyo unahitaji nyingi, na muda mwingi zinapita juu ya bahari pasipo mteja. Kwa hiyo weka zote kwenye miaka ileile, tuseme 15, uhesabu na roketi, vipuri, vituo vya ardhini na setilaiti za kujaza pengo. Halafu gawanya kwa data inayomfikia mtumiaji aliyepo kweli. Iridium, kampuni ya simu za setilaiti, ilikuwa na setilaiti 66 zinazofanya kazi, ikaanza huduma Novemba 1998. Agosti 1999 ikaomba kinga ya mufilisi. Wateja hawakutosha.

Jambo jingine: muundo ulio kwenye karatasi kwa kawaida huwa mwepesi kuliko uliokwisha kuundwa. Nikiilinganisha hiyo miwili, ule wa karatasi nauongezea akiba kubwa zaidi ya kilo na wati, hata mbunifu wake akinuna.