Kabla ya kusakinisha GNS3, ingia BIOS kwanza

Nilipoanza kujisomea CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, laptopu yangu ilikuwa ya mtumba kutoka Luthuli, Nairobi: RAM ya GB 8, betri imekufa. Ruta halisi sikuzimudu, basi tegemeo langu likawa GNS3, programu ya bure inayoendesha mifumo ya ruta ndani ya kompyuta. Nilimaliza mabando mawili nikiipakua na kuifuta, nikidhani faili zimeharibika. Kumbe faili zilikuwa nzima. Ni mashine ambayo sikuwa nimeiandaa.

Kwa hivyo anzia BIOS, menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka. Washa uwezo wa prosesa kuendesha kompyuta pepe: VT-x kama prosesa ni ya Intel, au SVM kama ni AMD. Ukitumia Windows, zima Hyper-V na Memory Integrity, la sivyo zitaishikilia prosesa na kuinyima GNS3 VM, kompyuta pepe ambayo GNS3 huendeshea ruta, nafasi. Hiyo ya pili ni kinga ya usalama, kwa hivyo irudishe ukimaliza mazoezi. GNS3 VM ikiwaka, soma skrini yake: panapotajwa KVM pawe na True. Ukiona False, rudi nyuma urekebishe kabla ya kugusa kingine chochote.

Toleo la GNS3 na la GNS3 VM lazima yafanane hadi tarakimu ya mwisho. Hapo ndipo bando langu la pili lilipoishia. Na VM yenyewe iendeshe kwa VMware Workstation, ambayo tangu 2024 ni ya bure.

Faili za IOS, mfumo unaoendesha ruta za Cisco, haziji na GNS3. Ni mali ya Cisco, nazo zinahitaji leseni. Nawasihi wanafunzi wasizichukue kwenye kurasa wasizozijua. FRR na VyOS, programu nyingine za ruta, ni za bure, na OSPF (itifaki ya ruta kuelezana njia) utakayojifunza humo ni OSPF ile ile.

Ukiwa na IOS halali ya ruta kama 3725, kuna jambo moja: ukiiwasha tu, feni italia na CPU itapanda, kwa sababu Dynamips, sehemu ya GNS3 inayoiga ruta hizo, haijui ruta inapopumzika. Bofya ruta kwa kitufe cha kulia, chagua Auto Idle-PC, usubiri. Kwangu, ruta nne zilianza kwenda pamoja bila laptopu kukwama.

Na kila baada ya amri chache, andika wr, amri ya kuhifadhi, kwenye ruta. GNS3 haikuhifadhii mipangilio yenyewe, na stima ya mtaani kwetu haipigi hodi ikiondoka.