Walicheka Mbwa wa Ami, Sasa Wananiuliza Siri ya Insha

Tangu matokeo ya shindano la insha la skuli za wilaya yetu yatangazwe, simu ya mama haipumziki. Wanafunzi wenzangu wanaandika, wengine hata siwajui, na wote swali lao ni moja: ulifanyaje? Ujumbe ulionigusa zaidi umetoka Micheweni, Pemba, kwa msichana wa Kidato cha Pili. Kasema hivi: "Dada, napenda sana kuandika lakini kwetu hakuna cha kuandika. Baba mvuvi, mama anauza samaki. Nikisoma insha za watoto wa mjini naona aibu hata kuanza."

Mdogo wangu, nakujibu hapa hapa ili na wengine wenye moyo kama wako wapate kusoma. Najua nanyi mnataka kusimama mbele ya ukumbi na kusikia jina lenu likitajwa. Mimi nimelisikia langu. Nimekuwa wa kwanza, alhamdulillahi, na insha iliyonipa nafasi hiyo ilihusu mbwa na taka.

Naam, mbwa. Kuna mwalimu aliyenishauri mapema nibadilishe mada. Alisema nichukue "kitu cha heshima", kama utalii au karafuu, kwa sababu wasahihishaji watashangaa mtoto wa Kiislamu kujaza kurasa kwa habari za mbwa. Nilimsikiliza kwa adabu, kisha nikaenda nyumbani nikaandika habari za mbwa. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: andika unachokijua, hata kama wengine wanakidharau.

Sasa nikueleze nilivyokijua.

Kwetu ni kusini ya Unguja, upande wa Makunduchi. Ardhi yetu ni ya maweni. Udongo umo ndani ya mashimo ya mawe tu, na humo ndimo tunamopanda mihogo. Adui wa mihogo hiyo ni nguruwe mwitu. Anakuja usiku, anachimbua kwa pua, na asubuhi unakuta shamba lote limepinduliwa, kazi ya miezi imekwisha. Ami yangu, ndugu yake baba, ni msasi, yaani mwindaji. Yeye na wenzake hutoka kwa kundi na nyavu, mikuki na mbwa, wakaingia msituni kuwasaka. Nyama ya nguruwe hawaigusi, wanalinda chakula cha watu. Na wanajua mipaka yao: kima punju na paa nunga ni wanyama wanaolindwa, na mbwa akianza kuwafukuza huitwa arudi, asiposikia hafuatani na kundi tena.

Mbwa aliyekuwa hodari kuliko wote tulimwita Askari. Rangi ya kahawia, sikio moja limechanika. Nilizoea kumtazama akifanya kazi pembezoni mwa shamba. Anakwenda kichwa chini, mara moja anasimama. Mkia unakakamaa, mguu mmoja wa mbele anauinua na kuuacha hewani, pua inatetemeka. Habweki. Ami anamwangalia, anajua tayari. Ukimuuliza amejuaje atakwambia, "Mwanangu, mimi naona kwa macho yangu mawili, yeye anaona jana usiku." Sentensi hiyo niliitia kwenye insha kama ilivyo, na msahihishaji aliipigia mstari chini. Baadaye nilisoma kuwa mbwa anakadiriwa kuwa na vipokeo vya harufu milioni 200 hadi 300, ilhali binadamu ana milioni 5 au 6 tu. Ami hajasoma hayo, lakini alikuwa akisema jambo hilo hilo.

Niliposoma darasa la nne, skuli nzima ilikuwa inajua kwamba kwetu kuna mbwa. Basi ikawa adhabu yangu. Nikikaa kwenye dawati, mwenzangu anavuta mtandio wake na kusogea. Nikipita wanaita, "Najisi! Najisi!" Wakati wa mapumziko hakuna aliyetaka kula mandazi niliyoyashika mimi. Walijua vizuri maneno yanayouma, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Kilichoniumiza zaidi, na mpaka leo kinauma nikikumbuka, ni siku mwalimu aliyekuwa darasani aliposikia na yeye akacheka. Mtoto anaweza kuvumilia watoto wenzake. Mtu mzima akicheka, unaona dunia yote imekubaliana.

Na hawakujua lolote kuhusu nyumba yetu. Mbwa wana banda lao nyuma kabisa, chini ya mwembe, mbali na mlango. Vyombo vyao mbali. Ami akiguswa na mate ya mbwa anaosha mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo, kama madhehebu yetu ya Shafi yanavyofundisha. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuwagusa. Nyumba yetu ilichunga tohara kuliko nyumba nyingi ambazo hazina mnyama.

Aliyenitoa kwenye huzuni ile ni maalim wangu wa chuo cha Kurani. Nilimuuliza nikiwa nalia kama kazi ya ami ni haramu. Akafungua msahafu, akanisomea Suratul Maida aya ya 4, inayohalalisha mawindo ya wanyama mliowafundisha kuwinda. Akanikumbusha mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kisha akanisimulia Hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Akasema, "Kuchunga tohara ni dini, na kumhurumia kiumbe ni dini. Usikubali mtu akugawie nusu." Hilo nalo liko kwenye insha. Unaona, mdogo wangu? Ami, maalim, shamba la mihogo. Vyote vya nyumbani.

Sasa ije habari ya taka, maana hapo ndipo insha iliposhikana.

Nyuma ya skuli yetu kuna jaa. Kila Ijumaa taka zinachomwa, na moshi unaingia madarasani mpaka macho yanawaka. Kinachoungua humo zaidi ni plastiki, na moshi wa plastiki una sumu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, mapema sana kuliko Bara, ambako marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019. Tuna haki ya kujivunia. Lakini tazama chini ukitembea: vifuko vidogo vya ubuyu, vya karanga, vya barafu. Mvua za masika zikija vinaziba mtaro, maji yanajaa uwanjani, mbu wanazaliana, na kilichobaki kinateremka mpaka pwani. Mama yangu analima mwani. Kilimo hicho kilianza huku pwani ya mashariki mwaka 1989 na wanaokibeba zaidi ni wanawake. Siku hizi akipanga kamba zake lazima kwanza achambue plastiki zilizojiviringisha kwenye mwani. Hata taitai, zile nyuzi wanazofungia mbegu, ni plastiki, na zikikatika zinabaki baharini. Mjini nako maji machafu yanaingia baharini bila kusafishwa.

Askari alikufa mwaka jana. Siku kadhaa alikataa kula, akawa anatapika povu, tumbo limejaa. Ami alidhani katiliwa sumu na mtu mwenye chuki, na kwa yale niliyoyaona skuli hata mimi nilidhani hivyo. Alipokufa ami akampasua ili ajue. Nilisimama mbali kidogo lakini niliona. Tumboni mlikuwa na fundo la plastiki kubwa kama ngumi, limekazana, na ami alipolifungua kwa kijiti vikatoka vifuko kimoja kimoja. Nilivijua. Vilikuwa vya ubuyu unaouzwa langoni mwa skuli yetu, bado na rangi nyekundu pembeni. Askari alikuwa akienda jaani kutafuta mabaki ya chakula, akameza na vifuko vyenye utamu.

Nililia kwa hasira siku ile. Watoto waliokuwa wakinikwepa wasipate najisi ndio walioutupa uchafu uliomuua mbwa aliyekuwa akilinda mihogo ya mama zao. Usiku huo huo nikaanza kuandika. Sikuwa na shindano kichwani, nilitaka tu kusema.

Shindano lilipotangazwa nilikuwa tayari na moyo wa insha, nikatafuta mifupa. Mwalimu wetu wa biolojia alinisaidia kutafuta kwenye intaneti ya skuli habari za mbwa wa kazi. Nikajifunza mambo ambayo yalinifungua macho. Mbwa wa kunusa wanafanya kazi bandarini na kwenye viwanja vya ndege Afrika, wanatafuta meno ya tembo na nyara nyingine. Nasi si wageni wa jambo hilo: Novemba 2013, hapa bandarini Malindi, zilikamatwa zaidi ya tani 2 za meno ya tembo ndani ya kontena. Huko Marekani kuna mwanasayansi, Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, anayepima vinasaba vya meno ya tembo yaliyokamatwa ili ajulikane tembo aliuawa wapi. Mtu huyo huyo alitumia mbwa kutafuta kinyesi cha nyangumi baharini. Mmoja wa mbwa hao aliitwa Tucker. Alisimama mbele ya boti akinusa upepo, na akigeuza kichwa nahodha anageuza boti. Kinyesi hicho kikipimwa, kinaonyesha nyangumi amebeba sumu gani mwilini. Na malipo ya Tucker yalikuwa kurushiwa mpira.

Lakini lililonifanya niruke kwenye kiti ni hili: Marekani, katika jimbo la Michigan na kwingineko, wapo mbwa waliofundishwa kunusa maji ya vyoo ndani ya mitaro ya mvua. Mbwa anapelekwa mtaroni, akinusa kinyesi cha binadamu anakaa au anabweka, na watu wanajua bomba linavuja wapi. Mbwa anatafuta uchafuzi! Hapo mada zangu mbili zikawa moja. Kule mbwa anaonyesha uchafu wetu ulipo kwa pua. Huku Askari aliuonyesha kwa tumbo lake. Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye aya ya mwisho, na ukumbi ulipiga makofi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Micheweni, usiniambie kwenu hakuna cha kuandika. Baba yako mvuvi: muulize nyavu zake zinatoa nini siku hizi zaidi ya samaki. Mama yako anauza samaki: muulize anafungia wateja kwa nini, na zamani walifungia kwa nini. Kaa naye, tia kalamu, andika maneno yake kama yalivyotoka mdomoni. Usiyapambe. Halafu ndiyo utafute vitabu, tarehe na takwimu za kuyashikilia. Wengi mnafanya kinyume. Mnaanza na "Mazingira ni jumla ya vitu vyote vinavyomzunguka binadamu", msahihishaji keshasoma sentensi hiyo kwa kila mtahiniwa, na hapo umeshapotea kabla ya aya ya pili.

Soma insha yako kwa sauti. Mimi nilimsomea bibi, hajasoma skuli, na kila alipouliza "Kwa nini?" nilijua hapo sijaeleza. Na andika unachokijua. Nalirudia kwa sababu ndilo kubwa.

Na nyinyi mnaocheka wenzenu, nanyi nina neno kwenu, na naomba mlipokee. Acheni. Mtoto wa mchoma mkaa, wa msasi, wa mzoa taka, ana haki ya dawati sawa na wewe. Kumwita mtu najisi na huku unatupa kifuko mtaroni ni kumwogopa mbwa na kuusahau mkono wako mwenyewe. Dini yetu imetufundisha usafi, na usafi hauishii kwenye udhu. Walimu nao, tafadhali: mkisikia kicheko cha namna hiyo darasani, kizimeni pale pale. Anayechekwa anayakumbuka miaka mingi.

Wapo walioniuliza kama nataka skuli zifuge mbwa. Hapana. Kila mtu na nyumba yake, na ami mwenyewe hamruhusu mtoto kuwachezea. Ninachotaka ni jaa lizungushiwe uzio, taka zisichomwe wakati wa masomo, plastiki itengwe na ipelekwe jaa la Kibele badala ya kuungua chini ya madirisha yetu. Hayo nimeyasema mbele ya ukumbi na nimeyasema kwa mkuu wa skuli.

Mkuu wa skuli amekubali tuanze na ubuyu. Mama mmoja pale langoni ameshajaribu kufungia kwa karatasi, lakini ubuyu unanata na karatasi inalowa, wateja wakalalamika. Mwengine anafikiria majani ya mgomba. Kamati ya mazingira ya wanafunzi inakutana Alkhamisi, na mimi nimepewa kazi ya kuleta bei za karatasi ngumu kutoka soko la Darajani, mjini. Anayejua duka linalouza rahisi kwa jumla aniandikie.