Maswali ya Wasomaji: Bastola Inayokwama, Mtutu Unaoshika Kutu

SWALI (Arusha): Nina bastola ya milimita 9 niliyoinunua kwa mwenye leseni mwenzangu, na uhamisho ulipitia polisi. Kila magazini moja lazima ikwame mara moja au mbili: ganda tupu linasimama wima kwenye tundu la slaidi. Fundi anataka kuniwekea springi ya slaidi iliyo ngumu zaidi. Nikubali?

JIBU: Usikubali, maana springi ngumu inaweza kuizidishia ugonjwa. Risasi inapolipuka, slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, inasukumwa nyuma. Kulabu ndogo iliyo ubavuni mwake inalivuta ganda kutoka kwenye chemba (tundu risasi inamokaa ikifyatuliwa), ganda linagonga kipande cha chuma kilichosimama ndani ya fremu, yaani mwili wa bastola wenye mpini, linarushwa nje. Ganda linalobanwa wima ni ganda lililotoka kivivu: ama slaidi haikufika nyuma vya kutosha, ama kulabu ililiachia mapema. Ukiweka springi ngumu, slaidi itafika karibu zaidi, siyo mbali.

Cha kwanza kuchunguza ni mkono. Slaidi hurudi vizuri fremu ikiwa imeshikwa imara. Kiwiko na kifundo cha mkono vikilegea, fremu inarudi pamoja nayo na mwendo unapotea. Bastola nyepesi za fremu ya plastiki huathirika zaidi ya zile za chuma kitupu. Mpe mwenye uzoefu, mkiwa kwenye uwanja wa shabaha, afyatue magazini mbili za risasi zilezile. Isipokwama, umepata jibu bila kutoa hata shilingi.

Ikikwama hata kwake, ifungue. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi. Anayeanza na slaidi anatoa risasi moja na kuipandisha nyingine, na hapo ndipo watu huuana wakidhani silaha ni tupu. Angalia chemba kwa macho, kisha iguse kwa ncha ya kidole. Sasa mulika tochi chini ya ile kulabu. Mara nyingi utakuta masizi meusi yaliyogandamana na vumbi la shaba, yamejaa mpaka kulabu haiwezi kubana ukingo wa ganda. Yachokoe kwa kijiti cha meno, upanguse kwa kitambaa chenye dawa ya kusafishia. Ukingo wa kulabu unatakiwa uwe mkali; ukiwa umelika au umemeguka, ibadilishwe.

Kisha jaribu risasi nyingine. Kama unatumia za greni 115 (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zenye baruti hafifu, jaribu za greni 124 za kiwanda kinachojulikana. Springi ya slaidi yenyewe ni kitu cha kubadilishwa kwa ratiba, wengi hufanya hivyo kati ya risasi 3,000 na 5,000, na iwe ya ugumu uleule wa kiwandani.

Zipe magazini zako namba kwa rangi ya kucha, 1, 2, 3, na uandike kila moja imekwama mara ngapi katika risasi 50. Magazini iliyochoka dalili yake ni nyingine: risasi mpya inainamisha pua na kugota mbele badala ya kupanda kwenye chemba. Mdomo wake umepanuka au springi yake imelegea. Hiyo usiinyooshe kwa koleo, nunua nyingine. Kwa maoni yetu, anayenunua bastola bila kuuliza kama magazini zake zinapatikana nchini amenunua nusu ya silaha.

SWALI (Tanga): Bunduki yangu ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono), kaliba ya .30-06, inashika kutu ndani ya mtutu siku mbili tu baada ya kutumika, ingawa kila mara naipaka mafuta. Risasi ni za zamani, nilirithi pamoja na bunduki. Je, mtutu ni mbovu?

JIBU: Mtutu hauna kosa, kosa liko kwenye fataki za risasi hizo, yaani vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti. Fataki nyingi za zamani, zikiwemo za .30-06 za jeshi la Marekani za wakati wa Vita vya Pili, zilitiwa klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi ya jamii moja na ya mezani, na chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Kwa hewa ya pwani kama ya Tanga, siku mbili zinatosha kabisa. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini kwa chini.

Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Siku hiyohiyo ya kufyatua, toa bolti, elekeza mdomo wa mtutu chini kwenye ndoo, na umimine kwa faneli lita moja ya maji ya moto sana kupitia upande wa chemba. Maji ya moto yana faida ya pili: chuma kikipata joto hujikausha chenyewe. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa, kisha dawa ya masizi, kisha mafuta kidogo. Osha pia uso wa bolti, maana moshi wa fataki unafika hapo. Baada ya siku tatu pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya chai, rudia kazi yote.

Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi, unatunza unyevu. Na kabla ya kufyatua tena, futa mafuta yote kwenye chemba na mtutu.

SWALI (Nakuru): Kwa mwenye kibali anayeanza, rivolva au bastola ya magazini?

JIBU: Rivolva ni rahisi kuielewa, lakini triga (kifyatulio) yake ni nzito, kuivuta kunataka nguvu ya kama kilo 5 hivi, na risasi ni tano au sita. Bastola nyingi za kisasa, kama Glock 17 yenye risasi 17, triga ni karibu nusu ya hapo. Msiamini kwamba rivolva haikwami. Punje za baruti zisizoungua zikiingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda, lile gurudumu linalobeba risasi, inagoma kuzunguka. Unapotoa maganda, elekeza mtutu juu ili uchafu udondoke nje.

SWALI (Iringa): Nauziwa bunduki ya kaliba ya .375 H&H iliyotumika, Brno ZKK 602. Nikague nini?

JIBU: Kaliba hiyo imekuwepo tangu 1912 na risasi zake bado zinatengenezwa, kwa hiyo hujakosea. Anzia kwenye mbao. Kishindo cha .375 hupasua kitako nyuma ya bolti. Mulika tochi hapo utafute ufa mwembamba kama unywele. Zungusha kipamba cha pamba kwenye mdomo wa mtutu: kikinasa, pana meno (mikwaruzo yenye ncha), na shabaha itayumba.

Bolti yake ni ya mtindo wa Mauser 98, yenye kulabu ndefu inayoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Jaza risasi za bandia na uzipitishe zote, taratibu kisha kwa kasi. Usidondoshe risasi moja kwa moja kwenye chemba na kuifungia bolti kwa nguvu, kulabu inaweza kuvunjika. Muulize muuzaji kama alikuwa na mazoea hayo. Mwisho, linganisha namba ya bolti na ya bunduki. Zikitofautiana, bolti ni ya kuazima, na bunduki isifyatuliwe mpaka fundi apime nafasi ya chemba kwa geji zake mbili (vipimo vya chuma vyenye umbo la risasi): bolti ifunge juu ya ile fupi, na igome juu ya ile ndefu.