Hiyo RAM usiilipie, angalia kodeki kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema kompyuta yako ni ya 2012, Core i5 kizazi cha tatu, RAM GB 4, video za 1080p zinakwamakwama, sauti inaitangulia picha, na fundi kakwambia uongeze RAM. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, kwenye mashine ya kizazi hicho hicho, nikayaamini.

Nikatoka GB 4 nikaenda 8. Video ikakwama pale pale. Fundi akasema basi ni diski, weka SSD. Nikaweka. Mashine ikawa inawaka upesi, hilo silikatai, ila nikifungua filamu picha inaganda, sauti inaenda zake, feni inaunguruma. Akahamia kwenye Windows: ipigwe upya. Ikapigwa, na picha za mwanangu za miaka miwili ya kwanza zikafutika, maana hakuniuliza kama nimezihifadhi kwingine, nami sikujua kama diski yote inasafishwa. RAM na SSD ningezisamehe. Hizo picha hazirudi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu anayelipwa kwa kazi hii hakufungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha mzigo wa mashine, hata mara moja huku video ikicheza. Mimi nilikuja kuifungua mwenyewe baadaye: prosesa asilimia 100, RAM zaidi ya nusu haina kazi. Sekunde kumi tu, jibu liko mbele ya macho.

Tatizo lilikuwa faili lenyewe. Lilikuwa limebanwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana na kufungua video, iitwayo H.265 (jina lake jingine HEVC), tena ya biti 10 za rangi badala ya 8 za kawaida. Kodeki hiyo ilitoka 2013, na chipu zetu ni za 2012. Ndani yake mna sehemu maalumu ya kufungua H.264, kodeki iliyoitangulia, ila H.265 haiijui kabisa. Kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa, inaelemewa, inaruka picha, na sauti inatangulia kama unavyoona kwako. Intel, watengenezaji wa hizo Core, walianza kuweka H.265 kamili kwenye kizazi cha sita, 2015, tena biti 8 tu. Biti 10 ikaja kizazi cha saba. Ungejaza RAM hata GB 16, chipu haitajifunza kodeki mpya.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, chochote kile, jua kodeki. Kwenye kicheza video cha VLC bonyeza Ctrl+J video ikiwa inacheza. Ukikuta H.264 inacheza vizuri na HEVC inakwama, umeshampata mchawi. Tafuta nakala ya H.264 ya video hiyo hiyo, au igeuze kwa HandBrake, programu ya kubadili video, uchague H.264 ya biti 8. Mashine ya zamani inachukua saa nyingi, iachie usiku kucha. YouTube nayo hupenda kuleta kodeki nyingine, VP9 au AV1, ambazo chipu yako haizifungui. Weka kiongezi cha h264ify, au cha aina hiyo kinachokubalika kwenye kivinjari chako, italeta H.264, mwisho wake 1080p, nawe ndiyo unayoitaka. Hakikisha pia kuongeza kasi kwa grafiki (hardware acceleration) hakujazimwa kwenye mipangilio ya kivinjari.

Bonyeza hiyo Ctrl+J sasa hivi, uniandikie mstari wa kodeki unasomaje. Na kama fundi ameshaanza kutaja kupiga Windows, hamisha picha zako leo kabla hajaigusa mashine.