Kwa mnaoanza biashara ya dagaa Mwaloni: acheni kuuza maji

Kila giza jipya likiingia, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa, soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hujaa sura ngeni: vijana wenye mtaji wa magunia ishirini, namba ya mnunuzi wa Lubumbashi au Bukavu kwenye simu, na haraka ya kupakia. Karibuni, wadogo zetu. Dagaa wa Ziwa Victoria ndiye anayevuliwa kwa wingi kuliko samaki wote wa ziwa hili. Anakomaa na kuzaa kabla hajatimiza mwaka, na bado sehemu yake kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku wakati ng'ambo ya mpaka kuna watu wanaomtaka mezani. Kazi ipo. Ila makosa tunayoyaona msimu huu ni yaleyale ya miaka yote, tena yanafuatana kwa mpangilio uleule, na inauma kuyatazama.

1. Jina. Sisi tunamwita dagaa, Wakenya omena, Waganda mukene. Lakini ukimtajia mtu wa Bujumbura ndagala, yeye anamfikiria samaki wa Ziwa Tanganyika. Goma na Bukavu wana sambaza wao wa Ziwa Kivu, Zambia wana kapenta. Hao ni samaki wengine na ladha yao ni nyingine. Mweleze mnunuzi bila kuzunguka: huyu ni dagaa wa Ziwa Victoria, katoka mwalo fulani (pale mitumbwi inaposhusha samaki), kakaushwa hivi na hivi. Kumpitisha kama dagaa wa Kigoma kwa kuwa wa Kigoma ana bei ni wizi, na mpishi atakugundua siku ya kwanza.

2. Mchanga. Nunua aliyeanikwa juu ya kichanja cha wavu, achana na wa kuanikwa chini. Chukua konzi moja, tia kwenye chupa angavu yenye maji, tikisa, subiri dakika mbili, angalia kitako cha chupa. Kupepeta hakusaidii, maana mchanga ulimganda dagaa akiwa bado mbichi.

3. Maji. Hapa tukae kidogo.

Karibu robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji. Kwa hiyo kilo 100 zinazoshuka mtumbwini alfajiri zina kama kilo 25 tu za dagaa mwenyewe. Mkaushe hadi maji yabaki asilimia 12, mzani utasoma kilo 28 na ushei. Mwanue mapema, maji yakiwa bado asilimia 20, utapata 31. Kilo tatu hizo ndizo zilizotuponza. Mzani haubagui maji na nyama. Mwenye kichanja anawahi boti ya kurudi mjini, wingu limeanza kujikusanya upande wa Ukerewe, dagaa kwa juu wanang'aa kama fedha, na kila mtu pale anajiambia kwamba watamalizikia kukauka ndani ya gunia. Tulio wakongwe hatuwezi kusema hatukujua. Tulijua, tukashindilia.

Dagaa hamalizikii kukauka ndani ya gunia. Ameanuliwa saa tisa alasiri akiwa na joto la jua, akashonewa humo humo na joto lake. Usiku gunia linapoa kuanzia nje, unyevu unahama na kukusanyika sehemu moja. Mzigo unapanda lori kuelekea Tunduma, mpakani na Zambia. Njia hiyo inapita nyanda za juu, na usiku wa Mafinga na Makambako ni wa baridi kweli: mvuke unaotoka kwenye magunia unakutana na turubai la baridi, unageuka matone, unadondokea magunia ya juu. Mchana jua linapiga turubai lilelile. Kisha foleni ya mpaka, siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Ukungu unaanza, na ukungu wenyewe unazalisha joto na unyevu zaidi. Mbawakawa wa samaki wakavu, wale ambao viwavi wao wana manyoya, wanapenda sana hali hiyo. Wanataga, na viwavi wanakula nyama wakibakiza mifupa na unga.

Mnunuzi anafungua mdomo wa gunia, anaona rangi nzuri. Kisha anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anakuta uvuguvugu, akiutoa una harufu inayochoma pua. Hapo habishani nawe juu ya kilo tatu. Anaushusha mzigo mzima hadi bei ya chakula cha kuku, au anakwambia ugeuze lori.

Na hasara ya lori moja si ndiyo iliyo kubwa. Mnunuzi aliyeumizwa mara mbili anaanza kukata bei ya kila gunia linalotoka Mwanza, hata la mama wa Ukara aliyegeuza dagaa wake kila saa na kuwaanua wakiwa wanavunjika. Anakata kwa hofu, na ana haki. Bei hiyo ya hofu tuliijenga sisi kwa kilo tatu za maji, na mama yule ndiye anayeilipa. Ndiyo maana tunapowaona mnashindilia dagaa wa uvuguvugu saa kumi jioni, tunapaza sauti. Tuvumilieni.

Sasa utaratibu. Dagaa waoshwe kwa maji safi na wawe kichanjani asubuhi mapema. Kichanja kiwe na urefu wa kiuno, wavu umekazwa, dagaa wametandazwa tabaka moja jembamba, wageuzwe kila baada ya saa moja au mbili. Wakikauka, waanue uwaweke kivulini mpaka wapoe kabisa, ndipo ufungashe, na umalize kabla umande haujaanza. Wasiokauka wasirundikwe usiku. Watandaze chini ya paa, kesho warudi juani. Masika nunua kidogo. Ghalani magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na njiani dereva afunue turubai mchana kukiwa kukavu.

Vipimo ni vitatu. Cha mkono: dagaa avunjike kwa sauti, asipinde. Cha mzani: pima kilo moja, irudishe juani adhuhuri kwa muda wa saa mbili, pima tena, ikipungua zaidi ya gramu 20 au 30, mzigo haujawa tayari. Cha chumvi: jaza dagaa nusu ya chupa ya kioo iliyo kavu, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa, acha dakika 15, tikisa tena. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha kichanjani. Kipimo hiki cha mwisho hakifai kwa dagaa waliotiwa chumvi.

Ukikuta wadudu, usithubutu kunyunyiza dawa ya mazao. Mwaka 1999 Ulaya iliwafungia mlango samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, na waliokosa kazi viwandani hawakuwa wao.

4. Lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo. Acha. Gunia la uzito uleule kila safari, limeshonwa vizuri, limeandikwa.

5. Karatasi. Leseni ya kusafirisha, cheti cha afya kutoka Idara ya Uvuvi, cheti cha uasilia kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani. Vyote viwe mkononi kabla ya lori kuondoka. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi cha uasilia. Congo imeingia Jumuiya mwaka 2022, lakini ulizia kituo utakachopita kabla hujapakia.

6. Wavu na kalenda. Tazama kilichochanganyika na dagaa. Ukiona vitoto vya sangara na sato, wavu huo ulikokotwa karibu na ufukwe. Usinunue, na uwaambie BMU (kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi) wa mwalo huo kwa nini hukununua. Tena fahamu kalenda ya jirani. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaane, na katika miezi ya namna hiyo mnunuzi wa Burundi au Congo atakupigia akitaka mara tatu ya kawaida. Mpe unachoweza kukausha. Ukimwahidi magunia 200 na vichanja unavyovitegemea vinatoa 60 kwa giza moja, utajikuta unaokoteza wa mchangani.

Na katika kila mzigo toa kilo moja, ifunge isipenye hewa, andika tarehe na jina la mwalo, uiweke rafuni mpaka mnunuzi amalize kulipa. Akilalamika, mpigie video, wewe ufungue kilo hiyo na yeye afungue gunia lake.